Sura ya Saba: Makovu ya Tangi

Hakuna aliyemkaribisha Inspekta gerejini asubuhi ile, na kiti hakuletewa. Alipoingia na Fundi Bubu mikono ikiwa pinguni, mafundi waligeuza migongo kwa pamoja, na mwenye gereji, mchomeleaji wa miaka mingi na kaka mkubwa wa huyo Bubu, akashusha miwani yake myeusi akaendelea kuchomelea geti ambalo hata mtoto angeona kuwa limekwisha tangu jana. Cheche ziliruka mpaka karibu na viatu vya Inspekta. Hakurudi nyuma. Kituoni walimpachika jina la Msumari, nao hawakumwonea: mwanamke yule kila alipogongwa alizidi kuingia.

"Zima mashine," alisema. "Tunashusha tangi la petroli."

"Hapa ni kwangu," mchomeleaji akajibu bila kuinua miwani.

"Basi tutaungua wote kwako."

Mashine ikazimwa. Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yao.

Gari lenyewe lilikuwa katikati ya uwanja, limeletwa juu ya lori la polisi. Lilikuwa gari refu la zamani, jeupe la kuelekea njano, lililotembea hadi mita ya kilomita ikachoka kuhesabu ikaganda. Mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu, mama wa watu, aliyezalisha nusu ya mtaa na kuigombeza nusu nyingine. Jumatano asubuhi jirani alimkuta uani kwake, kando ya gari hilo, amekufa, kichwa kimepasuliwa kwa chuma kizito.

Siku moja kabla, Jumanne, Fundi Bubu alikuwa amelibadilishia gari lile pampu ya mafuta, iliyokuwa imekufa kwa uzee, na jioni akalipeleka mwenyewe hadi kwa Mkunga. Jirani aliwasikia wakipigishana kelele langoni. Polisi walipofika asubuhi iliyofuata walizungusha ufunguo. Taa ziliwaka, lakini pampu haikunguruma na injini haikushika. Kwa Mkuu wa Kituo hesabu iliishia hapo. Fundi alimfungia mama wa watu pampu ya jalalani, mama akagundua, wakagombana, fundi akashika chuma. Saa nane mchana Bubu angesomewa shitaka la mauaji, na shitaka hilo halina dhamana.

Bubu hakuwa bubu. Aliitwa hivyo kwa sababu maneno aliyapima kwa kijiko, na tangu akamatwe alikuwa amepima moja tu: pampu ni nzima. Aliulizwa usiku, aliulizwa alfajiri, akasukumwa, akanyimwa maji, jibu likawa hilo hilo. Inspekta hakumpenda hata chembe. Mtu anayejua jambo akalifumbata mdomoni alimkera kuliko mwizi. Lakini hesabu ya Mkuu ilikuwa imekubali upesi mno, na hilo lilimkera zaidi, ndiyo maana akaomba apewe asubuhi moja tu alifungue gari mbele ya macho yake.

Kabla jeki haijawekwa, akaingia Dereva. Huyu alikuwa mtoto wa mdogo wake marehemu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyelelewa na Mkunga tangu alipofiwa na mama yake mzazi. Alimwita Mama Mkubwa, na ndiye aliyekuwa akiliendesha gari lile kila siku mpaka mtaa ukalisahau jina lake halisi. Familia ilikuwa imemtuma aje kushuhudia. Macho yalikuwa mekundu na shati limevaliwa ndani nje. Alimwendea Bubu moja kwa moja akamtemea mate kifuani.

Mchomeleaji alinyanyua kipande cha bomba. Konstebo, aliyekuwa amebaki langoni, akakimbia kuingia katikati. Inspekta alimwangalia kila mmoja wao kwa zamu, akasema kwamba anayetaka kulala ndani leo nafasi ipo, mikeka haijajaa. Bomba likawekwa chini. Dereva akaambiwa akasimame nje ya lango na Konstebo mpaka atakapoitwa. Alitoka akilaani, na sauti yake iliendelea kusikika huko nje kwa muda.

Bubu alifunguliwa pingu. Alisugua vifundo vya mikono, akamwangalia Inspekta kwa chuki iliyotulia, akaingia chini ya gari. Kaka yake alikuwa ameapa kwamba hatagusa gari la marehemu, lakini tangi halishushwi na mtu mmoja, na damu nzito kuliko maji. Akavua miwani, akaingia naye. Waliivuta petroli kwa mpira hadi kwenye dumu. Waliegemeza tangi juu ya jeki, wakafungua mikanda yake miwili ya chuma, wakachomoa mipira na waya, wakalishusha taratibu, wakalivuta kando. Bubu akazungusha pete ya juu, akaitoa pampu.

Inspekta aliiweka juu ya meza, kando ya ile ya zamani aliyokuja nayo ndani ya mfuko wa ushahidi. Fundi mwaminifu humrudishia mwenye gari kifaa chake kilichokufa, ili asije akadhani ameibiwa, na hii polisi waliikuta jikoni kwa Mkunga. Ilikuwa nyeusi, chujio lake limeshikamana kwa matope. Iliyotoka kwenye tangi iling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Bubu aliibeba mbali na tangi, akaichovya kwenye beseni, akaigusisha waya mbili za betri. Ikanguruma papo hapo, sauti nyembamba na safi.

"Umesikia?" mchomeleaji aliuliza. "Au na hiyo nayo ilikuwa inaua watu?"

 Inspekta alimpigia simu Mkuu, akamweleza kwamba pampu ni mpya na ni nzima. Mkuu akasema kwamba kama hawakugombania pampu, basi waligombania kitu kingine, kugombana si waligombana? Gari si lilikataa kuwaka? Saa nane ni saa nane. Akakata.

Inspekta alirudisha simu mfukoni akiwa na hasira, nayo alihitaji pa kuitua.

"Pampu ni nzima, lakini haikunguruma ufunguo ulipozungushwa," alimwambia Bubu. "Umeme haufiki. Kwa nini haufiki?"

Bubu aliangalia lango, kule Dereva aliposimama. Aliangalia haraka, kisha akashusha macho.

"Sijui."

Lilikuwa neno jipya kutoka kwake, na lilikuwa uongo. Inspekta alikwenda mwenyewe akaichomoa fyuzi ya pampu, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nzima. Alimuuliza tena, akajibiwa vile vile. Alimkumbusha kwamba mauaji si kuiba kuku, kwamba saa zinakwenda, kwamba mke wake ameketi kituoni tangu alfajiri. Mchomeleaji naye akamgeukia mdogo wake, akamwambia kwa ukali aseme kama ana la kusema, asije akakiachia kizazi chake aibu. Bubu alikunja mdomo. Inspekta alitamani kumzaba kibao, na alijua kwamba huko nyuma wenzake wamekwisha kumzaba na haikusaidia kitu.

Akachuchumaa kando ya tangi, apoe.

Lilikuwa limelazwa ubavu juu ya matairi mawili, tumbo limeelekea kwake. Lilipakwa rangi nzito nyeusi, ile ya kuzuia kutu, bado ikinukia upya. Katikati ya weusi ule kulikuwa na makovu manne yaliyokaribiana, kila moja limebonyea kidogo, rangi imebanduka, chuma cheupe kinaonekana. Yote yalikuwa na umbo moja, mviringo wenye pembe pembe, kama mdomo wa spana. Jiwe la barabarani lingekwaruza kwa urefu. Haya yalipigwa kutoka chini, kwa kitu cha mkononi.

Aliuliza rangi ile imepakwa lini. Bubu alisema Jumanne. Alipolishusha tangi alikuta kutu, akalisugua, akalipaka, akaliacha juani likauke kabla ya kulirudisha. Aliuliza kama makovu ni yake. Bubu akaja, akainama, akapitisha kidole, na kwa mara ya kwanza uso wake ukabadilika.

"Haya si yangu."

"Hayo ni ya kugonga," mchomeleaji akasema, kisha akajutia kumsaidia polisi, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Ikabidi amalizie kwa mdomo mzito. Pampu ikizeeka, alisema, hukwama. Dereva anaingia chini, analigonga tangi kwa chuma, pampu inashtuka, inafanya kazi siku mbili tatu, inakwama tena. Dawa ya maskini. Magari yote ya uzee huu yamegongwa.

"Na pampu ikiwa mpya?"

"Mwenda wazimu gani atagonga tangi lenye pampu mpya?"

Inspekta alisimama. Alirudi kwenye gari akapekua buti, akapekua chini ya viti, akakuta jeki ya gari lakini spana ya kufungulia magurudumu hakuikuta. Alimpigia simu yule polisi aliyejaribu kuliwasha gari Jumatano, akamuuliza kama yeye au mwenzake yeyote aliingia chini. Hakuna, walizungusha ufunguo tu. Akampigia na dereva wa lori. Naye alisema alilivuta gari juu kwa mikanda ya magurudumu, tangi halikuguswa. Milango hiyo miwili ya shaka ilipofungika, alichukua gunia akalifunika tangi, akamwambia Konstebo amlete Dereva.

Alimpa Dereva hata tairi la kukalia. Alimpa pole. Mafundi waliokuwa wamegeuza migongo waligeuka sasa, wakidhani wameona upande ambao polisi wanaupenda, na mmoja akacheka kwa dharau. Dereva alijieleza kwa urefu. Alikuwa safarini tangu Jumapili, kwa rafiki yake mji wa pili, alirudi Jumatano alipopigiwa simu ya msiba. Laiti angekuwepo. Gari lile lilikuwa limewatesa miezi, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akijua kulibembeleza.

"Ulilibembelezaje?" Inspekta aliuliza kwa upole.

"Unasikiliza kwanza. Unazungusha ufunguo, kama pampu haingurumi—" alikohoa, akafuta mdomo, "kama haitoi sauti yake, unajua imekwama. Unashuka, unaingia chini na spana ya magurudumu, unaligonga tangi mara tatu nne. Linaamka."

"Nani mwingine alijua?"

"Mama Mkubwa alijua, lakini magoti yake hayo, angeingia wapi chini ya gari? Na huyu muuaji. Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Ufunguo wa pili wa gari uko na nani?"

Alipapasa mfuko, akautoa, akaonyesha. Haujawahi kutoka kwake, alisema, kwa fahari ya mtoto wa nyumbani.

"Na kwamba Jumanne gari linafungwa pampu mpya, ulijua?"

Dereva aliinusa hatari, ila aliinusa upande usio wake. Alidhani anatafutiwa namna ya kuonekana kwamba siku ile alikuwa mjini.

"Nilijuaje na mimi sikuwepo? Mama Mkubwa hakuniambia. Nimejua Jumatano, kwa hao polisi wenu. Waulize, nilishangaa mbele yao."

Inspekta alikuwa amekwisha kuwauliza. Dereva alishangaa kweli. Akalivuta gunia.

"Yaangalie," alisema. "Rangi hii ilipakwa Jumanne mchana. Jioni gari likafika kwa mama yako. Kati ya hapo na asubuhi, mtu mmoja aliketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo, akasikiliza, hakusikia kitu. Akadhani ni ule ugonjwa wa zamani. Akaingia chini akagonga. Milango haikuvunjwa, kwa hiyo ufunguo alikuwa nao. Dawa hii ya gari hili mliijua watatu. Mama yako asingeingia chini, na pampu mpya aliinunua yeye. Fundi aliifunga kwa mikono yake. Aliyegonga ni mtu asiyejua kwamba pampu imebadilishwa. Nimekuuliza, umenijibu vizuri."

 Dereva aliyaangalia makovu, kisha akacheka kicheko kikavu.

"Pampu ni mpya. Mbona isingurume, nigonge? Hadithi yako ina tundu, afande. Huyo hapo ndiye aliyeharibu gari, na hasemi kwa nini."

Lilikuwa tundu kweli, na Inspekta alilijua. Alimgeukia Bubu. Hakumpigia kelele safari hii, wala hakumbembeleza.

"Huyu anakupeleka kitanzini kwa mdomo wako uliofumba. Unamlindia nani siri?"

Bubu alijifuta mikono muda mrefu kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Kisha akasema, na kwa mtu wa kijiko ilikuwa kama amemwaga gunia.

"Mama aliniambia nimfungie swichi. Ya siri. Ya kukata umeme wa pampu. Gari lilikuwa linatolewa usiku bila ruhusa, linarudi na matope na damu ya ng'ombe wa watu. Alikuwa ameonya, hakusikilizwa. Nilimwambia langoni, mama, huyu ni mwanao, kaa naye uzungumze, usimfungie gari kama mwizi. Akanigombeza. Ndizo hizo kelele. Akaniapisha nisimwambie mtu wa nyumbani."

"Na sisi ungetuambia."

"Niwaambie nimekata waya wa pampu ya marehemu?" Bubu alimtazama usoni. "Kwa jinsi mlivyonipokea?"

 Inspekta aliagiza pampu irudishwe kwenye waya wa gari, ikiwa palepale ndani ya beseni. Kisha akamwambia Bubu aonyeshe swichi. Bubu alitikisa kichwa. Akamsogelea, akamnong'oneza sikioni pahali ilipo. Inspekta aliingia garini, akamweka Konstebo mlangoni amkinge, akainama, mkono wake ukapapasa, ukapata. Akazungusha ufunguo.

Kwenye beseni pampu ikanguruma.

Ilinguruma kidogo tu kisha ikanyamaza, kama zinavyofanya. Dereva aliruka kutoka kwenye tairi kana kwamba ameitwa jina. Alisimama akilitazama beseni, mikono ikining'inia, na polepole ule ukali wote ukamtoka, akabaki mtu mnene aliyechoka ndani ya shati la ndani nje.

Aliyasema mwenyewe, hakusukumwa. Alirudi Jumanne usiku kwa sababu kulikuwa na mzigo wa nyama unamngoja, na wenye mzigo si watu wa kuambiwa kesho. Gari likakataa. Akaingia chini akagonga, akatoka akajaribu, akaingia tena. Mama Mkubwa akatoka na tochi.

"Hakunigombeza," alisema. "Angenigombeza ningezoea. Alisimama pale akacheka. Akaniambia, gonga tu mwanangu, gonga mpaka kuche. Mimi niko matopeni, spana iko mkononi, na yeye anacheka."

Spana, alisema, aliitupa kwenye shimo la choo cha nyuma ya nyumba. Konstebo aliandika. Inspekta alimfunga Dereva zile zile pingu alizomfungua Bubu, akampigia Mkuu simu, akasema maneno machache, safari hii yeye ndiye aliyekata. Kwa Bubu alisema kwamba yuko huru na kwamba yaliyompata kituoni hayakuwa haki.  Mchomeleaji aliitika kwa niaba ya mdogo wake: alisema wamesikia, na sasa wawapishe, watu wana kazi.

Walipofika langoni Dereva aligoma kutembea. Konstebo alimvuta, naye akajikita, akageuza shingo kuelekea tangi lilipokuwa. Hakuwa akimtazama Inspekta.

"Bubu," aliita. "Swichi iko wapi? Gari lile nalijua kila kona. Niambie tu iko wapi."

Bubu alikuwa amechutama amekwisha kuirudisha pampu, anaifunga pete ya tangi. Aliikaza mpaka mwisho, akainua kichwa.

"Mama yako alisema nisikwambie."